Kutafuta Roki Mpya ya Wasanii Huru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Msanii huru ni yupi hasa?

Kwa maana ya kawaida ni yule ambaye rekodi zake hazimilikiwi na kampuni tatu kubwa: Universal, Sony na Warner. Huenda anajirekodia chumbani na kupakia nyimbo mwenyewe, au yuko chini ya lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ndogo yenye watu wanne. Mpaka wenyewe haujanyooka. Chati ya muziki huru ya Uingereza ilipoanza Januari 1980 iliangalia usambazaji tu: santuri ikifika dukani bila kupita mikononi mwa kampuni kubwa, imehesabiwa. Mwaka 2009 kipimo kikahamia kwenye umiliki wa lebo. Sub Pop ya Seattle iliiuzia Warner asilimia 49 ya hisa zake katikati ya miaka ya 1990, na hadi leo wengi wanaiita lebo huru bila kusita.

Tahadhari moja kabla hujaanza kutafuta: neno "indi" limekuwa pia jina la mtindo wa sauti. Bendi ya gitaa laini iliyosainiwa na kampuni kubwa nayo huitwa indi. Ukiandika neno hilo peke yake kwenye kisanduku cha utafutaji, utaletewa majina yale yale unayoyajua.

Nitatambuaje kama bendi ninayoisikiliza iko huru?

Shuka hadi mwisho wa ukurasa wa albamu, kwenye mstari wenye alama ya ℗. Hapo huandikwa mwenye rekodi. Ukikuta jina la bendi yenyewe, wanajisimamia. Ukikuta tarakimu kadhaa zikifuatwa na "Records DK", maana yake wimbo umepakiwa kupitia DistroKid (msambazaji wa nyimbo mtandaoni) na msanii hakujaza jina la lebo. Hiyo ni ishara ya mtu aliyefanya kila kitu peke yake.

Kwenye YouTube, nyimbo zilizopakiwa na wasambazaji huanza maelezo yake kwa "Provided to YouTube by" na jina la msambazaji. CDBaby, DistroKid au TuneCore huashiria kazi ya kujitegemea. The Orchard inahitaji uangalifu: ni mali ya Sony, lakini inasambaza lebo nyingi ndogo ambazo si za Sony. Msambazaji na mmiliki ni watu wawili tofauti.

Sijui bendi hata moja. Nianzie wapi?

Anza na wimbo mmoja wa roki unaoupenda kweli, hata kama ni wa bendi maarufu, kisha uliza nani aliufanya uwe hivyo. Nani aliurekodi? Bendi hiyo ilitokea lebo gani kabla ya kuwa kubwa? Ilifungulia onyesho bendi gani, na leo nani anaifungulia yenyewe? Kila jibu ni mlango. Mtu anayeanza kwa kuandika "roki mpya nzuri" hupewa orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya kila mtu, na kitu cha kila mtu mara nyingi hakina mwenyewe.

Kwa nini jukwaa la kusikilizia muziki linanipendekezea sauti zile zile kila wiki?

Kwa sababu limejengwa hivyo. Sehemu kubwa ya mapendekezo hutokana na kulinganisha wasikilizaji: watu waliosikiliza A na B walisikiliza pia C, basi nawe upewe C. Discover Weekly ya Spotify, iliyoanza Julai 2015 na kuleta nyimbo 30 kila Jumatatu, ilikua juu ya wazo hilo. Kwa bendi yenye wasikilizaji laki mbili hesabu inakwenda vizuri. Kwa bendi yenye wasikilizaji 90 haina pa kushika, kwani hakuna watu wa kutosha wa kuunganisha A na C. Kwa hiyo bendi changa kabisa, zile hasa unazozitafuta, ndizo algorithimu isizoziona.

Jambo la pili ni tabia yako. Wimbo ukicheza hadi mwisho huku umelala, unahesabiwa kuwa umeupenda. Orodha ya mvua na mawimbi ya kulalia huharibu mapendekezo ya mwezi mzima. Tatu, si kila pendekezo ni la bure: Spotify ina mpango uitwao Discovery Mode ambapo msanii au lebo hukubali kupunguziwa mrabaha ili wimbo upewe uzito zaidi kwenye baadhi ya mapendekezo. Wimbo unaokufikia kwa njia hiyo unaweza kuwa mzuri tu. Jua lakini kwamba kuna mtu aliyelipia nauli yake.

Basi niyaache mapendekezo kabisa?

Hapana, yafunze. Kwanza, washa kipindi cha faragha unapocheza nyimbo za watoto, za usingizi au za mgeni. Pili, orodha usiyotaka ihesabiwe iondoe kwenye wasifu wako wa ladha. Spotify ina chaguo hilo kwenye menyu ya nukta tatu. Tatu, wimbo usioutaka uruke mapema badala ya kuuvumilia hadi mwisho. Nne, hifadhi albamu nzima na umfuate msanii, kwa sababu orodha ya Ijumaa ya nyimbo mpya, Release Radar, hutegemea sana unaowafuata na unaowasikiliza. Ijumaa haikuchaguliwa ovyo: tangu Julai 2015 ndiyo siku ya pamoja ya kutoa muziki mpya duniani.

Kisha tumia sehemu ya "mashabiki wanapenda pia" kwa kina. Usiishie kwenye jina la kwanza. Fungua bendi ndogo, uone majirani zake, uchague aliye mdogo kuliko wote, na urudie mara nne. Kwa kawaida kufikia hatua ya nne umeshuka kutoka mamilioni ya wasikilizaji hadi maelfu. Kwenye kisanduku cha utafutaji cha Spotify unaweza pia kuandika label: ikifuatwa na jina la lebo ndani ya alama za kunukuu, au year: na miaka, mfano year:1979-1984.

Bandcamp inatumikaje kutafuta, si kununua tu?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Bandcamp ilianza 2008, na wanaoweka muziki hapo ni wasanii na lebo zao wenyewe, wakijiwekea tagi (maneno ya kubainisha mtindo) kwa mkono. Ukurasa wa kugundua unakuruhusu kuchuja kwa mtindo, mahali na umbo la bidhaa, kisha kupanga kwa zinazouzwa sana au zilizoingia karibuni.

Fanya hivi. Chagua mtindo mdogo badala ya mkubwa: si "rock" bali "post-punk", "shoegaze", "math rock", "noise rock" au "garage rock". Hizi ziandike kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo wasanii wanavyoziweka hata wakiwa Japani au Brazili. Ongeza mahali. Halafu chuja zilizotolewa kwa kaseti au santuri. Kichujio hicho kina nguvu kuliko kinavyoonekana: mtu aliyetoa pesa yake kutengeneza kaseti 50 ameiamini kazi yake kuliko aliyepakia faili saa nane za usiku. Hakihakikishii ubora, ila hupunguza pumba.

Silaha kubwa zaidi iko kwenye ukurasa wa albamu wenyewe, kwenye picha ndogo ndogo za watu walioinunua. Bonyeza mmoja na utaona mkusanyo wake wote. Tafuta mnunuzi mwenye albamu tatu au nne unazozipenda na mia mbili usizozijua, hasa aliyeandika sentensi moja ya kwa nini aliipenda. Mfuate. Kuanzia hapo, anachonunua kitakufikia. Wanunuzi watano wa namna hiyo watakusaidia kuliko orodha hamsini za nyimbo, kwani kila jina kwenye mkusanyo wao limegharimiwa.

Kinachokwamisha wengi ni tagi za uongo. Wapo wanaoweka tagi kumi zisizohusiana ili waonekane kila mahali. Ukiona albamu moja imejiita jazi, metali, ambienti na hiphopu kwa pamoja, pita.

Nikinunua, msanii anapata kiasi gani?

Kwenye muziki wa kupakua, Bandcamp huchukua asilimia 15, na hushuka hadi 10 msanii akishauza zaidi ya dola 5,000. Kwenye bidhaa za kushikika ni asilimia 10. Juu yake kuna ada ya malipo. Albamu ya dola 10 humwachia msanii au lebo takribani dola 8. Siku zinazoitwa Bandcamp Friday, zilizoanza Machi 2020, mgao wa jukwaa huachwa.

Kwenye kusikiliza mtandaoni hesabu ni nyingine. Tangu 2024, wimbo usiochezwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi kwenye Spotify. Bendi nyingi utakazozikuta kwa njia za ukurasa huu zina nyimbo zilizo chini ya kiwango hicho.

Albamu zenye "name your price" (jipangie bei) unaweza kuandika sifuri ukapakua. Ni halali kabisa. Ukiipenda baada ya wiki mbili, rudi ulipe.

Kufuata lebo kuna faida gani kuliko kufuata bendi?

Bendi hutoa albamu moja kila miaka miwili au mitatu. Lebo ndogo hutoa kumi kwa mwaka, na zote zimepita kwenye masikio yale yale. Dischord ya Washington, iliyoanzishwa 1980, ilishikamana na bendi za jiji lake. Ukijua lebo umejua nusu ya habari. Flying Nun ya New Zealand, 1981, iliwabeba The Clean na The Chills wakati rekodi nyingi za huko zilifanywa kwa mashine za bei nafuu zenye njia nne za kurekodia sauti, na gitaa lao lenye mlio wa kengele likasikika baadaye kwa bendi za mbali kabisa. Merge ya North Carolina, iliyoanzishwa 1989 na watu wawili wa bendi ya Superchunk, ilikuja kuwatolea The Clean mkusanyo Marekani. Uzi ni huo: lebo moja huonyesha lebo nyingine inayoiheshimu.

Chagua tatu tu kwa kuanzia: moja ya zamani iliyokwisha kujijengea jina, moja yenye umri chini ya miaka kumi, na moja ya kaseti isiyomlipa mtu yeyote mshahara. Jiandikishe kwenye barua pepe zao. Soma orodha yao yote ya kazi kwa mwaka mmoja, usichague tu jalada linalopendeza. Dalili ya lebo ya kuacha: kila toleo linasikika kama lililotangulia.

Majina ya wahusika kwenye albamu yanasaidia nini?

Husaidia sana, na ni njia isiyotumiwa vya kutosha. Fundi wa kurekodi ana mkono wake kama mwandishi alivyo na hati yake. Mfano unaojulikana ni Steve Albini, aliyefariki 2024. Alirekodi ngoma zikiwa ndani ya chumba chenye mwangwi wake halisi, alitaka bendi ipige pamoja, na alilipwa ada ya kazi badala ya mrabaha. Mtu anayempenda kwa albamu ya Nirvana ya 1993 anaweza kufuata jina lake hadi kwa PJ Harvey, Low, Mclusky, Electrelane na Mono ya Japani. Bendi hizo hazifanani kwa mtindo, lakini ngoma zinafanana kwa uzito. Hakuna tagi inayoweza kukuunganishia hayo.

Nenda Discogs (hifadhidata ya rekodi mtandaoni), fungua toleo la albamu, teremka kwenye orodha ya wahusika, bonyeza jina la fundi, la aliyefanya masteringi (hatua ya mwisho ya kunyoosha sauti) au la mpiga besi aliyealikwa kwenye wimbo mmoja. Mpiga ngoma ndiye wa kufuatwa kwanza: wapiga ngoma wazuri ni wachache, na mara nyingi mmoja hupigia bendi tatu au nne kwa wakati mmoja.

Redio bado ina maana?

Ile yenye mtangazaji anayejichagulia nyimbo, ndiyo. KEXP ya Seattle huonyesha papo hapo kila wimbo unaochezwa, na vipindi vilivyopita hubaki kwa wiki mbili. WFMU ya New Jersey haina matangazo ya biashara. Inaishi kwa michango ya wasikilizaji, na orodha za vipindi vyake zimehifadhiwa kwa miaka mingi. NTS ya London na BBC Radio 6 Music ni malango mengine. Usisikilize kituo kizima. Tafuta mtangazaji mmoja, saa yake moja, kila wiki.

Rekodi za studioni zinazopigwa moja kwa moja ni mtihani mzuri wa bendi. Desturi hii BBC iliikuza sana kupitia kipindi cha mtangazaji wake John Peel, ambapo bendi iliingia studio na kurekodi kwa kawaida nyimbo nne kwa siku moja. Leo kuna video za KEXP na Audiotree. Bendi iliyong'arishwa mno kwenye albamu hujulikana hapo ndani ya dakika tano. Na kinyume chake hutokea zaidi: bendi ambayo albamu yake ilikuchosha inakukamata ikiwa hai.

Nataka kutoka nje ya Marekani na Uingereza. Njia ni ipi?

Ni ile ile ya lebo, ila ongeza lebo zinazotoa upya kazi za zamani. Now-Again imerudisha sokoni Zamrock ya Zambia ya miaka ya 1970, WITCH na Amanaz wakiwemo. Gitaa lenye fazi (mkwaruzo wa makusudi), sauti iliyochubuka kidogo, na midundo ambayo roki ya kaskazini haikuifikiria. Sahel Sounds ilianza kwa kukusanya nyimbo zilizokuwa zikirushwa kutoka simu hadi simu huko Sahara, na ndiyo iliyomtoa Mdou Moctar wa Niger kabla ya kuhamia lebo ya Matador. Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliwatoa Duma wa Nairobi mwaka 2020, kwa wanaostahimili kelele kali.

Andika majina kwa maandishi ya lugha yake inapowezekana. Bendi ya Japani ikitafutwa kwa herufi za Kijapani huleta matokeo mengi kuliko tahajia ya Kilatini.

Nasikia bendi moja lakini jukwaa linanionyesha albamu za watu wengine. Kwa nini?

Majina yamegongana. Wasambazaji hutuma nyimbo kwa jina, na jukwaa huzirundika kwenye wasifu mmoja. Kuna Mono wa Japani wanaopiga vipande virefu vya gitaa bila mwimbaji, na kuna Mono wa Uingereza wa miaka ya 1990 wenye sauti ya kike na midundo ya taratibu. Discogs hutatua hili kwa kuweka namba kwenye mabano baada ya jina. Linganisha mwaka, nchi na lebo kabla ya kununua.

Nitajuaje kama bendi si ya akili mnemba?

Katikati ya 2025, The Velvet Sundown ilipata wasikilizaji zaidi ya milioni moja kwa mwezi kwenye Spotify kwa roki iliyosikika kama ya miaka ya 1970, kabla ya kubainika kuwa ni mradi wa akili mnemba. Albamu mbili zilikuwa zimetoka mwezi mmoja. Dalili za kuangalia ni hizo hizo: albamu zinazofuatana kwa wiki, hakuna fundi wala studio iliyotajwa, hakuna video ya jukwaani hata ya simu ya mtu, picha laini kupita kiasi, na hakuna bendi nyingine inayowajua. Dalili moja peke yake haitoshi. Bendi changa nayo huenda haina video. Zikiwa nne, ondoka. Jukwaa la Deezer huweka alama kwenye albamu zenye nyimbo ilizozigundua kuwa za akili mnemba.

Nisikilize mara ngapi kabla ya kuamua?

Mara tatu, kwa siku tatu tofauti, na angalau mara moja kwa spika au hedifoni nzuri. Sekunde 30 za kwanza si kipimo. Majukwaa huhesabu wimbo kuwa umechezwa baada ya sekunde 30, ndiyo maana nyimbo nyingi hutanguliza kiitikio. Bendi ya post-rock (roki ya vipande virefu vinavyojengeka polepole) huenda ikawa bado inawasha amplifaya. Ukiwa na haraka, sikiliza wimbo wa kwanza na wa mwisho: wa kwanza huonyesha wanachotaka kuuza, wa mwisho huonyesha wanachokijua.

Albamu tatu kwa wiki zinatosha. Anayekimbilia ishirini husikiliza mianzo tu.

Sauti imejaa mkwaruzo. Faili mbovu?

Huenda ni makusudi. Mkwaruzo uliopo kwenye gitaa lakini sauti ya mwimbaji ni safi ni uchaguzi wa bendi. Mkwaruzo unaovunja kila kitu kwa pamoja kila ngoma ya besi inapogonga ni rekodi iliyopandishwa sauti mno. Ukisikia mlio wa maji maji kwenye matoazi, hapo kosa ni la faili: imebanwa sana. Panda hadi kbps 256 (kipimo cha data ya sauti kwa sekunde) au zaidi.

Bando langu ni dogo. Nifanyeje?

Saa moja ya muziki kwa kbps 96 hula takribani MB 43. Kwa kbps 160, MB 72. Kwa kbps 320, MB 144. Tafuta kwa ubora wa chini, kisha pakua unachokipenda mara moja tu badala ya kukirudia mtandaoni. Albamu ya dakika 40 kwa MP3 ya kbps 320 ni MB 96. FLAC (faili isiyopoteza sauti) ya albamu hiyo ni kama MB 250 hadi 300, na roki yenye kelele hukaa upande wa juu kwa sababu kelele hazibaniki kirahisi. Kwa hedifoni za bluetooth, MP3 V0 (daraja la juu la MP3) inatosha, maana bluetooth yenyewe kwa kawaida huibana sauti tena.

Albamu niliyoipenda imetoweka. Imekwenda wapi?

Mara nyingi msanii ameacha kulipa. Baadhi ya wasambazaji hutoza ada ya mwaka, na ikikatika nyimbo huondolewa kwenye majukwaa yote kwa pamoja. Wakati mwingine bendi imevunjika, au lebo imefungwa na haki zimerudi kwa wenyewe ambao hawajazipakia tena.

Anza na ukurasa wa Bandcamp wa bendi, kisha wa kila mwanachama kwa jina lake, kwa sababu wengi huhamishia kazi za zamani huko. Halafu Discogs, uone kama kuna CD au kaseti inayouzwa. Kaseti nyingi huja na kikaratasi chenye msimbo wa kupakulia, unaoingizwa kwenye bandcamp.com/yum; muulize muuzaji kama haujatumika kabla hujalipa. Ikishindikana, mwandikie mpiga besi.